Bwawa la perege limekuwa kijani kizito, kona moja inageuka kahawia. Niweke chokaa?

Kinyungu_Mufindi
Kamwene wakuu. Bwawa langu ni mita 15 kwa 20, kina sentimita 80 maji yanapoingilia na mita 1.2 yanapotokea. Perege ni 600, wastani wa gramu 100 kila mmoja. Nalisha pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kilo 4 kwa siku, na samadi ya kuku debe moja kila Jumamosi. Maji yalikuwa kijani cha jani changa la mgomba. Tangu mawingu yaanze kukaa kutwa, kijani kimekuwa kizito, kuna utando unakusanyika kona ya upepo, na kona hiyohiyo imeanza kuwa kahawia. Saa 12 asubuhi samaki wako juu wanahema, saa 3 jua likipanda wanashuka.

Jirani yangu bwawa lake liko chini kabisa bondeni. Maji yake ni mekundu na juu yanang'aa kama yana mafuta. Ni tatizo moja? Tuweke chokaa?

Samaki_Uyole
Mkuu, leo usiweke kitu. Chokaa isubiri, samadi isubiri, na chakula kisimame.

Samaki wanaohema alfajiri na kutulia jua likipanda wanakosa oksijeni. Mwani unaoyapa maji ukijani hutengeneza oksijeni mchana, usiku nao unaivuta pamoja na samaki. Ukizidi, akiba inaisha kabla ya kucha, na siku za mawingu akiba yenyewe ni ndogo tangu jioni. Kinachonitisha zaidi ni hiyo kona ya kahawia. Huo ni mwani unaokufa. Ukifa bwawa zima kwa mkupuo, bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni iliyobaki, na unaamka unakuta samaki wakubwa ndio wanaelea. Wakubwa hutangulia kufa hewa ikikosekana. Wakifa wadogo kwa wakubwa bila mpangilio, tafuta sumu.

Fanya hivi: chota utando kwa neti ukautupe mbali na bwawa. Punguza maji sentimita 20 hadi 30, lakini yatoke chini, ndiko kwenye uozo. Kama una bomba la kutolea la inchi 4 lililosimama, livalishe bomba la inchi 6 lililokatwa meno upande wa chini na lizidi kimo cha maji. Hapo maji ya chini ndiyo yatapanda na kutoka. Maji mapya yaangukie juu ya bati lililotobolewa, nusu mita juu ya bwawa, yachanganyike na hewa. Fungulia usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana yana faida ndogo.

BwanaMabwawa
Naongezea kwenye hesabu. Samadi yako haijazidi. Samadi ya kuku ni kama kilo 5 kwa mita 100 za mraba kwa wiki, na debe halifiki kilo 15. Kilichozidi ni chakula. Samaki 600 wa gramu 100 ni kilo 60, na chakula cha siku ni asilimia 3 yake, yaani kilo 1.8. Wewe unatupa 4. Mashudu yasiyoliwa yanalala chini na kugeuka mbolea usiyoihesabu.

Halafu rangi kwa macho tu inadanganya. Tengeneza sahani ya Secchi, kipimo cha uangavu wa maji: bati la duara la sentimita 20, robo mbili zinazotazamana nyeusi na mbili nyeupe, kwenye fimbo yenye alama kila sentimita 5. Izamishe polepole, saa 4 hadi saa 8 mchana. Ikipotea machoni kwenye sentimita 25 hadi 40, maji ni mazuri. Chini ya 20, acha mbolea. Ikivuka 45, rutubisha. Kama maji ni kahawia bwawa zima, jaza chupa angavu uilaze usiku kucha: tope litatuama na maji juu yatakuwa meupe, mwani utabaki umeelea.

Na kwa huku kwetu kwenye baridi kuna mtego. Juni na Julai maji yanakuwa meupe na watu wanakimbilia kumwaga samadi. Maji yakiwa chini ya nyuzi 18 samadi haiozi vizuri, inajilimbikiza, kisha joto la Septemba na Oktoba linaifumua yote mara moja. Wakati wa baridi pima joto kwanza, rangi baadaye.

Mama_Vifaranga
Kwa jirani: hiyo ni chuma, tatizo lingine kabisa. Maji ya chemchemi za vinyungu (bustani za bondeni) yanatoka ardhini bila hewa, yakikutana nayo chuma kinakuwa kutu. Chokonoa ule utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama gamba, ni bakteria wa chuma. Ukijiunga tena, ni mafuta ya kweli. Kutu inaganda kwenye mashavu ya kuhemea ya samaki na kwenye mayai. Ayapitishe maji kwenye ngazi za mawe, kisha kishimo cha kutuamia, ndipo yaingie bwawani.

Yeye ndiye mwenye haja ya chokaa, maana udongo wa bondeni una asidi. Chokaa ya kilimo, ya mawe yaliyosagwa, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba. Samadi ifuate baada ya wiki mbili. Ile ya kuchomwa asiiweke bwawa likiwa na samaki. Inapandisha pH (kipimo cha asidi) ghafla na amonia iliyomo majini inakuwa sumu kali. Ndiyo sababu hata wewe Mufindi umezuiwa: maji ya kijani kizito pH yake jioni iko juu tayari.

Kinyungu_Mufindi
Shukrani. Sahani imepotea kwenye sentimita 14. Nimefungulia maji. Chakula nirudishe lini?

Samaki_Uyole
Asubuhi mbili mfululizo bila kuhema, na sahani imevuka 20. Anza na gramu 900, saa 5 asubuhi, ukiwa umesimama hapo. Kinachobaki baada ya dakika 15 kipunguze kesho yake. Samadi isubiri hadi sahani ivuke 45.