Saratani ya medula ya thairoidi: ni vipimo gani vitangulie upasuaji?

Mwanahamisi
Wataalamu, naomba msaada wenu. Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 41, ana uvimbe mgumu shingoni, na kwa miezi kadhaa amekuwa akiharisha bila sababu kujulikana. TSH yake (kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa thairoidi, tezi ya shingoni) iko sawa. Majibu ya sampuli iliyovutwa kwa sindano hayakueleweka, na amepangiwa upasuaji baada ya wiki mbili. Daktari mmoja ametaja saratani ya medula, ambayo hatukuwahi kuisikia. Inathibitishwaje?

Msoma Slaidi
Dada Mwanahamisi, TSH isikutulize, kwa kuwa saratani hii haianzii kwenye seli zinazotengeneza homoni ya thairoidi, bali kwenye seli C, ambazo kazi yake ni kutengeneza kalsitonini. Kipimo cha damu kinachohitajika ni hicho cha kalsitonini, pamoja na CEA, protini nyingine ambayo saratani hii huweza kuimwaga kwenye damu. Huko kuharisha kunaweza kuwa dalili yake, hivyo mwambieni daktari hata kama hakuuliza. Sisi tunaosoma sampuli hupotoshwa nayo, maana seli zake huwa mara za mviringo, mara ndefu zilizochongoka. Ombeni sampuli ipakwe rangi maalumu: ikionyesha kalsitonini na isionyeshe thairoglobulini (protini ya zile seli zinazotengeneza homoni ya thairoidi), shaka hupungua sana. Hata maji yaliyosuuzia sindano hupimwa kalsitonini.

Mganga wa Usingizi
Naongeza jambo ambalo nawasihi mlisimamie. Takriban robo ya wagonjwa hawa wameirithi kupitia hitilafu ya jeni ya RET, na baadhi yao huwa pia na uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, unaomwaga adrenalini. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa ya usingizi bila maandalizi, presha yaweza kupanda ghafla na kumuua mezani. Apimwe metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini iliyovunjwa mwilini, katika damu au katika mkojo wa saa 24, kabla ya siku ya upasuaji.

Mzee Salum
Nilipimwa nikiwa natumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nami sikujua kwamba dawa hiyo hupandisha kalsitonini. Muulizeni kama anaitumia.

Mwanahamisi
Ahsanteni. Anaitumia, tena kila siku. Na baba yetu alifariki ghafla kwa presha, naye alikuwa na uvimbe shingoni ambao sote tuliuita rovu. Kesho asubuhi nitamweleza daktari habari hizi zote, na nitamwomba asogeze mbele tarehe mpaka metanefrini ipimwe. Watoto wa kaka ni watatu. Nitauliza pia kuhusu jeni hiyo.