Uwanja wa wazi mnaufunga, ukumbi wa mihadhara mnaujaza. Hii ni akili gani?

Wakuu, hili la chuo kimoja hapa Dodoma limetuchosha. Vyuo vilifungwa Machi 18, 2020, vikafunguliwa Juni 1. Eti kujikinga na korona, geti la uwanja likapigwa kufuli. Ukumbini watu wamebanana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, huko ruksa! Kirusi hiki kinaenea zaidi kwenye hewa ya ndani iliyotuama, siyo kiwanjani kunakopigwa na upepo wa Dodoma.

Kufuli likafunguliwa siku moja tu: siku ya bonanza. Watu waliokaa miezi miwili na nusu wanaingizwa kwenye dakika 90 za mpira, halafu mtu akichanika msuli wa nyuma ya paja analaumiwa hakupasha. Kupasha dakika 10 hakurudishi nguvu iliyopotea miezi yote hiyo. Wiki mbili za mwanzo zilitakiwa ziwe za kutembea haraka, dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Wiki ya tatu unakimbia dakika 1, unatembea 2, mara 8. Mechi baadaye.

Aliyeugua korona ndiyo kabisa. Asubiri walau siku 7 bila dalili yoyote, maana kirusi kinaweza kuvimbisha msuli wa moyo. Kifua kikibana au moyo ukienda mbio amekaa tu, aache, aende hospitali. Nani aliuliza hayo kabla ya kugawa jezi?

Na hiyo amri ya kukimbia na barakoa ifutwe. Ikilowa jasho hewa inapita kwa shida. Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe walisema 2020 ivuliwe kwenye mazoezi, watu waachiane walau mita 1.

Watumishi wamesahaulika, wanashinda kwenye kiti na kompyuta. WHO, Novemba 2020: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Dumu la lita 10 la maji ni kilo 10 bure. Likumbatie kifuani, chuchumaa na kuinuka mara 12, seti 3. Lijazeni mpaka shingoni, likiwa nusu maji yanahama na kuwayumbisha.

Tunachotaka: geti liwe wazi kuanzia saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi. Na funguo akae nayo mlinzi, tumechoka kuambiwa "ipo kwa bosi".