Naomba ushauri: ncha za nyota ya Ohio Star zinamezwa na mshono

Ndugu wanachama, salaam. Ninashona mfarishi wa viraka kwa mtindo wa Kimarekani uitwao Ohio Star, ambao miraba yake tisa ikiunganishwa hutoa mraba mmoja wa inchi 9, na kinachonishinda ni ile miraba minne ya pembetatu inayotengeneza ncha za nyota.

Kwanza nilikata miraba ya inchi 4¼ kwa ulalo mara mbili, nikaunganisha pembetatu moja moja. Lakini kwa kuwa kingo zake fupi zimekatwa hanamu (yaani mshazari kwa nyuzi za kitambaa), kitambaa kilivutika chini ya cherehani, na pasi ya mvuke ikamalizia kukiharibu. Kisha nikaweka miraba miwili uso kwa uso, nikachora mstari wa ulalo, nikashona robo inchi kila upande wa mstari ndipo nikakata, halafu nikarudia vivyo hivyo kwa jozi nilizopata. Hii ni afadhali sana, ila vipande hutoka na inchi 3⅜ badala ya 3½ (inchi 3 pamoja na robo inchi ya mshono kila upande), hivyo ncha zinamezwa na mshono. Kitenge cha kijani kilichobaki hakitoshi kwa makosa mengine.

Je, nianze na miraba ya inchi 4½ kisha nipunguze kwa rula, au kosa liko kwenye upana wa mshono wangu? Na mishono ilazwe kwa pasi upande wa rangi iliyokoza, au ifunguliwe pande zote mbili? Naona kuilaza husaidia viungo kukutana sawasawa, ila pale katikati pananenepa mno hadi sindano inagoma.