Kufuta kazi za BITS zilizokwama kwenye Windows

Swali: Ninaomba msaada. Amri ya bitsadmin /list /allusers inaonyesha kazi kadhaa za BITS (huduma ya Windows ya kuhamisha faili chinichini) ambazo hazisogei, na nilipotumia bitsadmin /reset baadhi yake zilibaki palepale. Nifanyeje?

Jibu la 1: Amri hiyo hufuta kazi za mtumiaji aliyeingia tu. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha uongeze /allusers. Hata hivyo, ningekushauri ufute moja moja kwa bitsadmin /cancel ikifuatiwa na kitambulisho cha kazi, kwa kuwa kufuta zote kwa pamoja kunaweza kukatiza masasisho ya mfumo yanayoendelea kupakuliwa.

Jibu la 2: Nakubaliana naye, ila kazi zilizoanzishwa na akaunti ya SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe) haziondoki kwa /reset hata ukiwa msimamizi; badala yake, panga amri hiyo katika Task Scheduler (kipanga kazi cha Windows) iendeshwe kwa akaunti hiyohiyo. Tafadhali chunguza hali ya kila kazi kwanza: iliyoandikwa TRANSFERRED imekwisha kupakuliwa, nayo inahitaji /complete, kwani ukiifuta utapoteza faili zake.

Muulizaji: Nashukuru sana. Mbili zilikuwa TRANSFERRED, na nimezikamilisha salama.