Naomba ushauri: skima au chumba cha mwani kwa tangi la matumbawe?

Wakuu, naomba ushauri. Tangi ni la lita 200, sampu (tangi la chini la vifaa vya kuchuja) ya lita 60, mawe hai (yenye bakteria wanaosafisha maji) kilo 20, samaki wadogo wanne na matumbawe laini. Baadaye nataka kuongeza yale magumu. Naitreti iko 25 mg/l, fosfeti 0.15 (zote hutokana na uchafu na chakula cha samaki). Nataka zishuke polepole hadi 5–10 na chini ya 0.1, maana fosfeti ikiporomoka ghafla matumbawe huumia.

Sampu haina nafasi ya vyote viwili: skima (kifaa kinachonasa uchafu kwa povu) na chumba cha mwani (sehemu yenye taa ya kukuzia mwani). Skima hutoa uchafu kabla haujaoza na huingiza hewa, ila kina cha maji kikibadilika, povu hufurika au hukatika kabisa. Mwani hunyonya kilichokwisha kuyeyuka, na taa yake ikiwaka usiku pH haishuki sana. Naegemea skima. Kichujio cha kanista (kopo lililofungwa lenye sponji ndani) sikitaki kabisa: sponji isiposafishwa mara kwa mara, uchafu huozea humo na naitreti hupanda.

Je, skima iliyoandikwa kuwa ya tangi la lita 400 inatosha, au nichukue kubwa zaidi? Na pampu ya kurudisha maji, lita 1,000 kwa saa baada ya kupanda mita 1.2, haitakuwa kali mno kwa soksi ya kuchujia maji yanayoingia sampu, ya mikroni 200?