Moshi wa uchomaji wa mapema: wananchi wa vijiji jirani waelezwe nini?

Mtendaji wa Kijiji

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mtendaji wa kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema, kinachopakana na shamba la miti. Wenzetu wa shamba wameniandikia barua kwamba mwezi Juni watasafisha barabara za kuzuia moto na kuchoma nyasi za pembezoni kabla hazijakauka kabisa, nami nimeombwa niwaarifu wananchi. Barua inataja tarehe, eneo, na onyo kwamba mifugo isipelekwe huko. Kuhusu moshi haina hata neno moja. Msimu uliopita moshi ulituama kijijini hadi asubuhi, wazee na watoto kadhaa wakafikishwa zahanati wakiwa wamebanwa kifua, ilhali tangazo lenyewe lilikuwa karatasi moja kwenye ubao wa ofisi.

Nimepitia miongozo ya Marekani, ambako uchomaji wa namna hii ni jambo la kawaida, nikaona inahimiza watu wafunge madirisha, wawashe mashine ya kusafisha hewa na kufuatilia kipimo cha ubora wa hewa kwenye simu. Hapa nyumba nyingi zina uwazi kati ya ukuta na paa, tunapikia kuni, na kipimo hicho hatuna. Isitoshe, mtumishi mmoja wa shamba amenionya kwamba nikitaja maradhi watu wataukataa uchomaji wenyewe. Niandike nini, na nianze kumwambia nani?

Tabibu wa Zahanati

Ndugu Mtendaji, onyo la huyo mtumishi lisikuzuie. Mzazi akiambiwa moshi hauna neno, kisha mwanawe akakesha kifua kikimbana, hatakuamini tena hata siku utakapomtangazia chanjo.

Kinachodhuru zaidi si majivu unayoyaona yakidondoka uani, bali vumbi la moshi lililo laini kiasi kwamba chembe yake haifikii hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele. Chembe hizo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi humsumbua mwenye ugonjwa wa moyo kama unavyomsumbua mwenye pumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa chembe hizi kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Tarakimu hiyo usiiweke kwenye tangazo, maana asiye na kipimo haitamfaa kitu. Andika wanaohusika: watoto wadogo, wajawazito, wazee, wenye pumu, na wenye maradhi ya moyo au ya mapafu.

Utaambiwa kwamba moshi tunaishi nao jikoni kila siku. Hoja hiyo ina ukweli, na jibu lake limo humohumo: mapafu yanayobeba moshi wa kuni asubuhi na jioni hayana nafasi ya kuongezewa mwingine usiku kucha. Kwa hiyo shauri la kwanza liwe kupika mapema, tena nje, kabla moshi wa shamba haujafika, ili usiku ule ndani kusiwe na jiko linalofuka. Wenye pumu wahakikishe dawa zao za kuvuta zipo siku kadhaa kabla. Kanga au kitambaa usoni, hata kikiloweshwa, huzuia majivu tu. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri ndiyo inayochuja chembe laini, nayo haipatikani kila duka. Maziwa nayo hayasafishi mapafu, ingawa najua tangazo lolote la moshi likitolewa kijijini lazima atokee mtu wa kuyapendekeza.

Mtoto anayepumua haraka huku kifua kikibonyea ndani, au mtu yeyote asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, aletwe zahanati saa hiyohiyo bila kusubiri kupambazuke.

Bwana Miti Mstaafu

Nakubaliana na Tabibu, lakini tangazo zuri halitafidia uchomaji uliopangwa vibaya. Ukienda kikaoni na watu wa shamba, waulize upepo. Kando ya ziwa, mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara. Usiku hugeuka ukatoka bara kwenda ziwani. Wanaochoma hutazama zaidi upepo wa mchana, kwa sababu ndio wanaoshughulika nao wakiwa na mapanga na mabomba ya maji. Moto ukishapungua, magogo na mizizi hubaki ikifukuta, hewa ya usiku inapoa na kutulia, na moshi badala ya kupanda unateremka mabondeni kuelekea ufukweni. Naamini hicho ndicho kilichowapata msimu uliopita. Shamba liahidi kuzima vinavyofukuta kabla ya magharibi, na ahadi hiyo iandikwe kwenye barua, isibaki ya mdomo.

Wananchi waelezwe pia kwa nini panachomwa. Mwezi Juni nyasi bado zina unyevu kiasi, kwa hiyo moto huenda chinichini na unadhibitika. Zikiachwa hadi Agosti au Septemba, cheche ya mrina asali mmoja yaweza kuteketeza shamba zima, na moshi wake utadumu siku nyingi bila mtu kuupangia tarehe. Mwananchi akipewa hesabu hiyo pamoja na madhara aliyoyataja Tabibu, anaweza kupima mwenyewe. Sijaona kijiji kilichokataa uchomaji kwa sababu kilielezwa ukweli, ila nimeona vilivyokasirika kwa kushtukizwa.

Mchuuzi wa Dagaa

Wakubwa zangu, mmewasahau watu wa mwaloni. Ikiwa moshi wa usiku unashuka ziwani kama alivyosema mzee wetu, huko ndiko waliko wavuvi wa dagaa na taa zao, hasa siku za giza mwezi usipoonekana. Hawahudhurii mkutano wa kijiji, wengi ni wageni wa makambini, na mchana wamelala. Taarifa ipelekwe kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, jioni, kabla mitumbwi haijatoka. Mvuvi atauliza pia kama ataiona taa ya mwenzake, na hilo nalo ni usalama.

Jambo jingine ni tarehe. Mkitangaza Jumanne, upepo ukakataa, mkachoma Ijumaa bila kusema lolote, tangazo la kwanza limekufa.

Mtendaji wa Kijiji

Nawashukuru sana. Nimeandika rasimu hii, itakayosomwa mkutanoni, misikitini na makanisani, na kutangazwa kwa kipaza sauti kwa Kiswahili, Kisukuma na Kizinza; wahudumu wa afya ngazi ya jamii wataifikisha nyumba kwa nyumba kwa walio kwenye makundi aliyoyataja Tabibu:

«Shamba la miti litachoma nyasi kuanzia Jumatano, upepo ukiruhusu. Siku itakapothibitishwa mtatangaziwa asubuhi yake, na ikiahirishwa mtatangaziwa pia. Moshi unaweza kufika kijijini na ziwani usiku. Unadhuru mapafu na moyo, zaidi kwa watoto, wajawazito, wazee na wenye pumu. Siku hiyo pikeni mapema na nje ya nyumba. Mwenye ndugu mbali na moshi awapeleke wagonjwa na watoto wadogo wakalale huko. Anayeshindwa kupumua apelekwe zahanati mara moja, usiku au mchana. Moto ukivuka mpaka, piga 114 na umjulishe mwenyekiti wa kitongoji.»

Tabibu wa Zahanati

Rasimu imekaa vizuri, isipokuwa siku uliyoichagua. Jumatano ni siku ya kliniki ya watoto hapa kwetu, na akina mama wa vitongoji vya juu hutembea wakiwa wamebeba vichanga mgongoni, wakipita kando ya shamba hilohilo. Waombe wenzetu wa shamba waanze Alhamisi, nami nitatumia kliniki ya Jumatano kuwasomea akina mama tangazo lako na kukagua nani ameishiwa dawa ya pumu.

Mtendaji wa Kijiji

Nimewapigia simu sasa hivi. Wamekubali Alhamisi, na wameniomba nakala ya tangazo ili waiambatanishe na barua watakayoiandikia kijiji cha pili.