Martha anapomwambia Karen anampenda, kwa Kiswahili aseme nini?

MwalimuMakole:
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Niko Makole, Dodoma, nafundisha fasihi. Jumamosi jioni wanawake saba tunakutana sebuleni kwa mwenzetu, tunasogeza makochi ukutani, tunasoma tamthilia kwa sauti. Sasa natafsiri The Children's Hour ya Lillian Hellman, iliyoanza kuchezwa New York mwaka 1934. Karen na Martha ni marafiki wa tangu chuo, wamejinyima miaka hadi wakafungua shule ya bweni ya wasichana. Mwanafunzi wao Mary, katika kukwepa adhabu, anamwambia bibi yake kwamba walimu hao ni wapenzi. Bibi anashika simu. Usiku huohuo wazazi wanawafuata watoto wao, na shule inakufa.

Nimekwama karibu na mwisho. Kesi waliyomfungulia bibi huyo kwa kuwachafulia jina wameshashindwa, wamebaki wawili ndani, na Martha anamwambia Karen kwamba huenda alimpenda kweli, kama watu walivyosema. Nikiandika "nakupenda", hakuna atakayeshtuka. Mimi na shoga yangu tunaambiana hivyo kila tukiagana stendi. Nikiandika "kimapenzi", Martha anageuka karani wa mahakama. Lile neno lililotokana na kusaga silitaki kinywani mwake, ni la wanaomtukana.

Niseme na hili. Chuo cha ualimu nilikuwa na rafiki, ndoo yetu moja, sabuni yetu moja. Likazuka neno, tukatenganishwa mabweni bila hata kuulizwa. Bado namwona akikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba ya katani, fundo la kwanza likafunguka, akafunga tena. Hakunitazama. Hatukuwahi kulizungumza mpaka leo. Kwa hiyo mstari huu sitaki niukosee.

Mzee wa Mpwapwa:
Mwanangu, marahaba. Ushauri wangu, punguza ukali. Filamu ya kwanza ya tamthilia hiyo, These Three ya mwaka 1936, ilibadili uvumi wenyewe: ikawa Martha anasingiziwa kutembea na mchumba wa Karen. Na aliyeandika ni Hellman huyohuyo. Fanya hivyo, majirani wasipate la kusema.

MwalimuMakole:
Shikamoo baba, nashukuru. Lakini wakati ule Hollywood isingeruhusu vinginevyo, na mwongozaji wake, William Wyler, mwaka 1961 aliirudia filamu na uvumi wa asili. Martha akisingiziwa mwanaume, ile saa ya kujigundua inapotea, na mimi naitafsiri kwa ajili ya saa hiyo. Tena chanzo cha tamthilia ni kisa cha kweli: Edinburgh, mwaka 1810, walimu Marianne Woods na Jane Pirie walichafuliwa jina, wakamshtaki bibi wa mwanafunzi wao. Wao kesi walishinda, ila shule yao haikurudi.

Binti Kondoa:
Dada, hebu rudi pale Mary anapomwambia bibi yake. Mtoto ananong'ona sikioni, sisi watazamaji hatusikii kitu, tunaona tu uso wa bibi unavyobadilika. Hellman hakulitaja, kwa nini Martha alitaje? Mwache aseme "vile walivyosema". Kila aliyekaa kwenye kochi analo neno lake kichwani, atalijaza mwenyewe.

kijana_wa_nkuhungu:
Naunga mkono. Ila mwalimu, "shoga" usiliingize kwenye igizo. Bibi zetu waliitana hivyo kwa upendo, lakini leo nusu ya watu watacheka na nusu watanuna. Karen na Martha waitane "mwenzangu" tangu mwanzo. Kwenye mstari ule Martha aliache, amwite Karen kwa jina lake.

MwalimuMakole:
Asanteni sana, jana tumeujaribu. "Karen. Nilikupenda. Vile walivyosema." Anayesoma Martha ni fundi cherehani, sauti yake nzito, haigizi sana. Alifika "vile", akanyamaza, akakunja kona ya karatasi na kuikunjua, ndipo akamalizia. Upepo wa Agosti ulikuwa unapiga bati. Anayesoma Karen alitakiwa ajibu papo hapo kwamba Martha amechoka tu, akalale. Hakujibu. Nilimsubiri, sikumkumbusha mstari wake.